Supaantijeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sumu za bakteria zinazochochea seli T kupita kiasi

Supaantijeni ni nini?

Ni protini ndogo ambazo baadhi ya bakteria huzitengeneza na kuzimwaga katika mazingira yao, na ambazo zina uwezo wa kuamsha seli T (seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga) nyingi mno kwa mara moja, bila kujali kila seli iliandaliwa kupambana na kimelea gani. Zilizochunguzwa zaidi hutoka kwa bakteria wawili ambao binadamu huishi nao karibu: Staphylococcus aureus, anayekaa puani mwa takriban mtu mmoja kati ya watatu bila kuleta ugonjwa wowote, na Streptococcus pyogenes, anayejulikana kwa kuleta maambukizi ya koo na ya ngozi. Katika kundi la kwanza zimo sumu ya mshtuko iitwayo TSST-1 na sumu za tumbo zilizopewa herufi, kama vile SEA, SEB na SEC. Katika kundi la pili zimo SpeA, SpeC na SmeZ. Si protini kubwa hata kidogo. TSST-1 ina asidi amino 194 na SEB ina 239, lakini pikogramu chache tu katika mililita moja ya kimiminika cha maabara hutosha kuamsha seli T.

Katika hali ya kawaida, seli T huamshwa vipi?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu asiyeelewa utaratibu wa kawaida hataona ni hatua ipi ambayo sumu imeiruka.

Bakteria au virusi vinapoingia mwilini, seli za ulinzi kama makrofaji, seli za dendriti na seli B humeza protini za mvamizi, huzikatakata ndani yake, kisha hutoa nje vipande vifupi viitwavyo peptidi. Vipande hivyo havining'inizwi ovyo; huwekwa katika mfereji mwembamba ulio juu ya molekuli ya HLA ya daraja la pili, protini ya kurithi ya kuonyeshea vipande hivyo, ambayo husimama kwenye utando wa seli ikimwonyesha kila apitaye kilichomo. Seli T hupita ikigusa na kukagua kwa kutumia kipokezi chake, ambacho kimeundwa na minyororo miwili, alfa na beta. Ncha za minyororo hiyo hutofautiana sana kutoka seli moja hadi nyingine, na ndizo zinazosoma peptidi iliyomo mferejini. Peptidi isipooana na kipokezi, seli T huendelea na safari yake.

Kwa sababu ya ukaguzi huo, antijeni ya kawaida huamsha seli T chache sana, aghalabu pungufu ya moja katika kila 10,000, na mara nyingine moja katika milioni. Seli hizo chache ndizo zitakazozaana kwa siku kadhaa hadi ziwe jeshi. Homa na uchovu tunaousikia wakati wa maradhi ya kawaida ni matokeo ya jeshi dogo lililokusanywa taratibu.

Sumu hizi hushika wapi, na kwa nini mahali hapo pana maana kubwa?

Supaantijeni haikatwikatwi wala haiwekwi mferejini. Ikiwa nzima kama ilivyotoka kwa bakteria, hushika ubavu wa nje wa molekuli ya HLA kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hushika kipokezi cha seli T, hasa sehemu ya mnyororo wa beta inayoitwa Vβ, ambayo ipo mbali kidogo na ncha zinazosoma peptidi. Seli mbili zilizokuwa zikipitana hubanwa pamoja, na ndani ya seli T huanza mfululizo uleule wa ishara ambao ungeanza kama ukaguzi ungefanyika na adui akatambuliwa kweli. Ni sawa na kugonga muhuri wa idhini kwenye barua ambayo hakuna aliyeifungua.

Hesabu inabadilika kabisa hapo. Ncha zinazosoma peptidi zina mamilioni ya maumbo, lakini familia za Vβ kwa binadamu ni zipatazo ishirini na kitu tu. Sumu inayoshika familia moja au kadhaa kati ya hizo hupata mkononi seli zote zenye familia hiyo, ziwe zilikusudiwa kupambana na mafua, kifua kikuu au kitu ambacho mtu huyo hatakutana nacho maishani. Ndiyo maana supaantijeni huweza kuamsha hadi seli T 20 au 30 katika kila 100. Kwa maoni yangu, maelezo mengi ya mshtuko wa sumu, yaani ugonjwa wa homa kali, upele na kuporomoka kwa shinikizo la damu unaoletwa na supaantijeni, hukosea yanapoanza na ukali wa sumu. Sumu yenyewe haichomi, haitoboi wala haiui seli. Kazi yake ni kuunganisha tu, na yote yanayofuata hufanywa na mwili wa mgonjwa.

Je, sumu zote hushika kwa namna moja?

Hapana, na tofauti zake zinaonyesha kwamba bakteria wamefika mahali pamoja kwa njia nyingi. Picha za fuwele za SEB ikiwa imeshikana na molekuli ya HLA-DR1, zilizochapishwa mwaka 1994, zilionyesha sumu hiyo ikiegemea mnyororo wa alfa wa HLA, kando ya mfereji, bila kugusana kwa maana na peptidi. TSST-1 nayo hushika mnyororo wa alfa, lakini hulala kuelekea juu ya mfereji kiasi kwamba aina ya peptidi iliyomo huathiri mshiko wake. SEA ina sehemu mbili za kushikia: moja dhaifu upande wa alfa, na nyingine yenye nguvu upande wa beta inayohitaji chembe ya zinki katikati. Kwa kuwa na mikono miwili, SEA huweza kuzileta pamoja molekuli mbili za HLA kwenye seli ileile, jambo linaloongeza ishara ndani ya seli inayowasilisha antijeni pia.

Upande wa seli T, TSST-1 ni mchaguzi. Kwa binadamu hushika karibu Vβ2 peke yake. SEB hushika familia kadhaa, zikiwemo Vβ3 na Vβ17. SEH ni ya ajabu zaidi, kwani hutambuliwa kupitia mnyororo wa alfa wa kipokezi badala ya beta. Uchaguzi huu una faida kwa watafiti: mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba wagonjwa wa mshtuko wa sumu walikuwa na ongezeko kubwa la seli zenye Vβ2 katika damu, na hivyo alama ya vidole ya TSST-1 ikapatikana kwa mgonjwa mwenyewe na si katika chupa ya maabara pekee.

Nimesikia kwamba kuna kipokezi cha tatu. Ni kweli?

Ni kweli. Kwa miaka mingi maelezo yaliishia kwenye HLA na kipokezi cha seli T, lakini mwaka 2011 kundi la Raymond Kaempfer la Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem lilichapisha ushahidi kwamba supaantijeni hushika pia CD28, protini iliyo juu ya seli T ambayo hutoa ishara ya pili inayohitajika ili seli iamke kikamilifu. Sumu hugusa mahali ambapo nusu mbili za CD28 huungana. Peptidi fupi zilizotengenezwa kuziba mguso huo ziliwakinga panya dhidi ya dozi ya sumu ambayo ingewaua.

Anayetilia shaka uzito wa CD28 na akumbuke yaliyotokea London mwezi Machi 2006. Wanaume sita wenye afya waliojitolea katika jaribio la dawa walidungwa TGN1412, kingamwili iliyotengenezwa kushika CD28 na kuiwasha bila kusubiri ishara ya kipokezi cha seli T. Ndani ya saa chache wote sita walipatwa na dhoruba ya saitokini, yaani mmiminiko wa ghafla wa protini za kupelekeana ujumbe kati ya seli, na viungo vyao vikaanza kushindwa kufanya kazi. Wote waliokolewa, lakini walihitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Hapakuwa na bakteria wala sumu yake, na bado picha ya ugonjwa ilifanana mno na mshtuko wa sumu.

Nini hutokea mwilini katika saa za kwanza?

Seli T zilizoamshwa na seli zilizowasilisha HLA humwaga saitokini: TNF, interferoni gama, na interlukini za 1, 2 na 6. Kwa kiasi kidogo kila moja ina kazi njema. Kwa kiasi kikubwa na kwa pamoja, huifanya mishipa midogo ya damu ilegee na kuvuja, maji ya damu huingia katika tishu, shinikizo la damu huporomoka, na figo, ini na misuli hukosa damu ya kutosha. TNF hupanda mapema sana, ndani ya saa chache, na kasi hiyo hutokana na kwamba seli zinazohusika zilikuwa nyingi tangu mwanzo na hazikuhitaji kuzaana.

Baadaye huja hali iliyo kinyume. Seli nyingi zilizoamshwa hufa, na zilizobaki hupoozwa zisiitikie tena kwa muda. Mgonjwa aliyetoka kwenye uchochezi wa kupita kiasi hujikuta na kinga iliyochoka.

Tunajuaje kwamba kosa ni la seli T na si la sumu yenyewe?

Mwaka 1990 kundi la Marrack na Kappler, watafiti wa Denver, Marekani, ambao mwaka mmoja kabla ndio waliopendekeza jina la supaantijeni, lilionyesha kwamba madhara ya SEB kwa panya yalitegemea seli T; panya wasio na seli hizo hawakuugua kama wenzao. Panya wa kawaida pia huvumilia dozi ambazo zingemwangusha binadamu, kwa sababu molekuli zao zinazofanana na HLA hazishiki sumu hizi vizuri. Wakipandikizwa jeni za HLA ya binadamu, ustahimilivu wao hupungua.

Mshtuko wa sumu ulitambuliwa lini?

James Todd na wenzake, nao wakiwa Denver, waliuelezea mwaka 1978 kwa watoto saba wenye umri wa kati ya miaka 8 na 17 waliokuwa na homa kali, upele na kuporomoka kwa shinikizo la damu. Miaka miwili baadaye ugonjwa huohuo ulionekana Marekani kwa wanawake vijana waliokuwa kwenye hedhi, na uchunguzi ukauhusisha na tamponi zenye uwezo mkubwa wa kunyonya. Aina moja iliyoshukiwa zaidi iliondolewa sokoni Septemba 1980, na mwaka 1981 TSST-1 ikatambuliwa.

Tamponi haikuwa na sumu. Ukeni kwa kawaida kuna hewa kidogo sana na asidi ya kutosha, hali isiyomfaa Staphylococcus aureus kutengeneza TSST-1. Tamponi kubwa huingiza oksijeni, na damu hupunguza asidi. Bakteria aliyekuwepo kimya hupata mazingira ya kuitoa sumu, nayo TSST-1 ina uwezo wa kupenya utando laini na kuingia katika damu. Ikumbukwe kwamba mshtuko huu haumhusu mwanamke aliye kwenye hedhi peke yake: hutokea pia baada ya kuungua moto, upasuaji, kufungwa pamba puani kuzuia damu, na hata kwenye jeraha ambalo kwa macho halionekani kuwa na usaha.

Vipi kuhusu vikombe vya hedhi vinavyogawiwa shuleni?

Visa vichache vya mshtuko wa sumu kwa watumiaji wa vikombe vimeripotiwa duniani, hivyo hatari ipo, ila ni ndogo sana. Kwa Afrika Mashariki kuna ushahidi wa moja kwa moja: utafiti uliofanywa miongoni mwa wasichana wa shule za msingi katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2017, haukukuta kisa hata kimoja cha mshtuko wa sumu. Kunawa mikono kabla ya kukishika kikombe, kukichemsha kati ya hedhi moja na nyingine, na kutokipitisha muda ulioandikwa na mtengenezaji ni tahadhari za kutosha kwa mtu mwenye afya. Aliyewahi kupata mshtuko wa sumu hashauriwi kutumia kikombe wala tamponi.

Chakula kilicholala kina sumu hizi. Je, kinaweza kuleta mshtuko?

Kwa kawaida hapana. SEA na ndugu zake wakiliwa huleta kutapika kwa ghafla, maumivu ya tumbo na mara nyingine kuhara, kuanzia saa moja hadi sita baada ya kula, na wengi hupona ndani ya siku moja. Uwezo wa kutapisha na uwezo wa kuamsha seli T ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa ndani ya protini ileile. Watafiti wameweza kuharibu kimoja na kuacha kingine. Kinachowaponza watu wengi ni imani kwamba kupasha moto upya kunatosha. Kuchemsha huua bakteria, lakini sumu iliyokwisha kumwagwa ndani ya maziwa, nyama au wali hustahimili kuchemshwa kwa nyuzi 100 kwa nusu saa. Chakula cha shughuli kilichopikwa usiku na kuachwa kwenye sufuria hadi adhuhuri ya siku ya pili hakiokolewi na jiko.

Kwa nini mmoja huugua sana na mwenzake hapati kitu?

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kingamwili: watu wazima walio wengi sana wamekwisha kukutana na TSST-1 utotoni au ujanani na wana kingamwili zinazoidaka sumu kabla haijafika popote. Wanaougua mara nyingi ni wale wasio nazo, na jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi yao hata baada ya kupona hawazitengenezi, hivyo ugonjwa huweza kurudi.

Ya pili ni HLA ya kurithi. Kundi la mtafiti Malak Kotb lilionyesha mwaka 2002 kwamba miongoni mwa watu walioambukizwa Streptococcus pyogenes, aina ya HLA aliyo nayo mtu ilihusiana na ukali wa ugonjwa. Aina fulani zilionekana kukinga na nyingine kuongeza hatari. Hili linaingia akilini, kwani molekuli isiyoshikika vizuri na sumu hutoa ishara dhaifu.

Dalili ni zipi, na zinaweza kuchanganywa na malaria?

Homa ya nyuzi 38.9 au zaidi, upele mwekundu ulioenea kama ngozi iliyochomwa na jua, namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu kushuka hadi 90 au chini yake, na viungo vitatu au zaidi kuathirika, ndivyo vigezo vinavyotumika. Wiki moja hadi mbili baadaye ngozi hubabuka, hasa viganjani na nyayoni. Kutapika, kuhara, maumivu makali ya misuli na kuchanganyikiwa ni vya kawaida.

Kuchanganywa na malaria kunawezekana kabisa, kwa kuwa mahali ambapo malaria ni ya kila siku, homa, kutapika na maumivu ya mwili hupelekwa kwanza kwenye kipimo hicho. Wekundu uliochorwa vitabuni pia ulichorwa kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtu mweusi upele huweza kupita bila kuonekana, na inafaa kutazama macho, ulimi, midomo na viganja, ambako wekundu hujitokeza wazi zaidi. Damu kutoota bakteria maabara hakuondoi shaka: katika mshtuko wa Staphylococcus, bakteria hupatikana kwenye damu kwa wagonjwa wachache mno, chini ya 5 katika kila 100, kwa sababu bakteria hubaki mahali alipo na kutuma sumu. Kwa Streptococcus hupatikana kwa zaidi ya nusu, na mshtuko wake ndio unaoua zaidi, kati ya wagonjwa 30 na 60 katika kila 100. Mtu mwenye homa kali, upele na kizunguzungu cha kushindwa kusimama apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na kama ana tamponi, kikombe au pamba jerahani, iondolewe kwanza.

Kwa nini madaktari huongeza klindamisini?

Dawa za jamii ya penisilini huua bakteria wanaokua, lakini hazizuii kiwanda cha sumu kuendelea kwa wale ambao bado hawajafa. Klindamisini huzuia bakteria wasitengeneze protini, na sumu ni protini. Kwa hiyo hupewa pamoja, huku maji mengi ya dripu yakirudisha shinikizo la damu, na usaha au tishu iliyokufa ikiondolewa kwa upasuaji. Bila kuondoa chanzo, dawa pekee hazifui dafu.

Hospitali zenye uwezo huongeza imunoglobulini ya kudungwa mshipani, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji wengi wa damu, ambazo miongoni mwake zimo za kuidaka sumu. Mantiki yake ni nzuri, ila ushahidi ni mwembamba: jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2003 lilisimamishwa mapema kwa kukosa wagonjwa wa kutosha. Bei yake pia ni kubwa, na katika hospitali nyingi za wilaya haipo kabisa.

Bakteria hufaidika nini kwa kumwasha adui yake?

Kumuua mwenyeji si faida kwake, na pengine mshtuko ni ajali. Majaribio yaliyofanywa na maabara ya Chuo Kikuu cha Western, Ontario, nchini Kanada, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba Streptococcus pyogenes alihitaji SpeA ili kukaa vyema puani na kooni mwa panya wenye HLA ya binadamu. Aliponyang'anywa sumu hiyo, alishindwa. Inaelekea kuivuruga kinga kwa kelele kunampa nafasi ya kujikita. SpeA hiyohiyo ndiyo inayohusishwa na homa nyekundu ya watoto, na mwaka 2019 watafiti wa Imperial College London walielezea ukoo wa bakteria huyo nchini Uingereza unaotoa SpeA kwa wingi kuliko jamaa zake.

Kuna chanjo?

Hakuna iliyoidhinishwa. Huko Vienna, Chuo Kikuu cha Tiba kilichapisha mwaka 2016 jaribio la kwanza kwa binadamu la TSST-1 iliyobadilishwa isiweze kushika vipokezi lakini ibaki na sura ya kutosha kufunza kinga, na waliochanjwa waliivumilia vizuri na kutengeneza kingamwili. Ugumu uliobaki ni kwamba ugonjwa ni nadra, hivyo kuthibitisha kwamba chanjo inaukinga kunahitaji washiriki wengi mno. Wengine walijaribu njia ya kinyume, wakaunganisha sumu ya aina ya SEA na kingamwili inayotafuta uvimbe wa saratani ili seli T zielekezwe huko. Jaribio kubwa kwa wagonjwa wa saratani ya figo, lililochapishwa mwaka 2016, halikurefusha maisha ya washiriki kwa ujumla, na miongoni mwa vikwazo vilivyotajwa ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa tayari na kingamwili dhidi ya sumu hiyo kabla ya kudungwa dozi ya kwanza.